Orest, Mafaili Kumi na Matatu na Kamba ya Nguo

Saa mbili na nusu asubuhi, Orest Chubey anawasha kompyuta kuukuu ya mteja wake wa kwanza. Kabla hajachomeka waya wowote, anaipiga picha usoni kwa simu yake. Anaitazama picha. Haimridhishi. Anafuta kioo cha kompyuta kwa mkono wa shati, anapiga tena.

"Kwanza uso," anasema. "Matumbo baadaye."

Kisha anaiweka kompyuta mpya ubavuni mwa ile kuukuu, anaziunganisha kwa waya, anakaa na kahawa yake. Mstari wa kijani unaanza kutambaa polepole. Sasa hana la kufanya ila kungoja, na kungoja ndiyo kazi yenyewe.

Orest ana miaka 61. Kwa miaka ishirini na miwili alipima ngano za watu kwenye ghala la Dunmoor, mji mdogo wa Saskatchewan, Kanada, usiofikisha watu mia nne. Ghala lilipobomolewa, wenzake walihama. Yeye alibaki. Ndiye aliyekuwa akiijua kompyuta ya ghalani, basi watu wakaanza kumletea zao.

Leo amekodi chumba cha nyuma katika duka la vyuma na misumari. Kuhamisha mafaili anatoza dola sitini. Wiki nzuri anapata wateja watano. Wengine humlipa kwa pirogi, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani, zilizogandishwa.

"Benki yangu ni friza," anasema, "na haijawahi kunidanganya."

Kompyuta kuukuu haitupi. Huiweka rafuni siku arobaini, sawa na zile ambazo watu wa hapa, kama wazee wao waliotoka Ukraine, humhesabia marehemu. "Mtu hukumbuka alichosahau siku ya thelathini na tisa," anasema.

Lakini hii desturi ya kupiga picha ni mpya. Ina mwaka mmoja tu, na aliyemfunza ni mjane wa miaka 79, Nettie Sawchyn.

Aprili mwaka jana Nettie alimletea kompyuta ya marehemu mumewe, Wasyl. Ilikuwa ikinguruma kama trekta bovu. Orest aliogopa isije ikamfia mkononi, akaharakisha. Akanakili kila kitu. Jioni ile ile kompyuta ikazimika, na haikuwaka tena.

"Nilijisifu," anakumbuka. "Nikasema nimeshusha mzigo kabla gari halijazama."

Kesho yake Nettie alikuja na Dwayne Froese, jirani aliyekubali kumpandia mashamba msimu ule. Orest akawasha kompyuta mpya. Picha ya shamba lao, iliyopigwa kutoka kwenye ndege, ilijaa kioo chote kama zamani. Ila mafaili yalikuwa yamejipanga upande wa kushoto, kama watoto wa shule mstarini.

"Ni nini hiki?" Nettie akauliza. "Mbona umeyatoa mashambani?"

"Nimeyatoa wapi, mama? Yote haya hapa. Kumi na matatu. Hesabu."

"Sijauliza yako mangapi. Nauliza yako wapi."

Hapo ndipo Orest alipoelewa. Wasyl hakuwa mtu wa kutunga majina. Kila faili aliliacha na jina lililopewa na kompyuta: Mpya, Mpya 2, mpaka Mpya 13. Kisha alilikokota juu ya ile picha na kuliweka palepale shamba lake lilipo. Mahali ndipo palikuwa jina. Kompyuta mpya haikujua hayo, ikayapanga kwa namba.

Dwayne akavua kofia. "Mama Nettie, mimi sipandi dengu kwa kubahatisha. Zikirudi kwenye ardhi iliyozibeba juzijuzi, mizizi inaoza. Nikikosea, mwaka wako umekwenda."

"Mwaka ukienda, nauza shamba," Nettie akasema, kama mtu anayesema kesho mvua itanyesha.

Dwayne akamgeukia Orest. "Wewe mzee! Miaka yote ulipima ngano zetu usikosee hata kilo. Leo umemwaga shamba zima sakafuni!"

Orest akaijaribu kompyuta kuukuu mara tatu. Akaitoa diski yake, akaifungua kwenye mashine nyingine. Mafaili yalikuwemo. Mpangilio hakuupata. Anasema aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Nettie akavua koti, akavuta kiti. "Fungua la kwanza. Nisomee."

"Mama, si ulisema kompyuta huijui?"

"Kompyuta siijui. Nilisema siijui ardhi?"

Orest akasoma. Mwaka fulani ngano, mwaka fulani dengu, mbolea kiasi gani. Na pembeni, maneno mafupi ya Wasyl: "Mawe tena. Ndoo arobaini."

"Kaskazini mwa barabara," Nettie akasema. "Mgongo wangu unayajua mawe hayo."

"Kona imelowa mpaka Juni. Bata."

"Penye kidimbwi. Endelea."

"Trekta limezama. Usimwambie N."

Dwayne akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Nettie hakucheka. "Nilijua," akasema. "Nyuma ya makaburi hapo. Alirudi na tope mpaka kwenye nyusi, ananiambia ati ameteleza mlangoni."

Kila alipotaja shamba, Orest alilikokota faili hadi mahali pake. Ilipofika saa saba mchana, mafaili kumi na mawili yalikuwa yamerudi mashambani, na Dwayne alijua dengu ziende wapi.

Likabaki moja. Halikuwa na mbegu wala mbolea. Lilikuwa na tarehe tu, moja kwa kila mwaka, miaka kumi na minne: Aprili 28, Mei 3, Aprili 30. Juu yake Wasyl aliandika: "N. kaanika nje."

Kila majira ya kuchipua, Dunmoor nzima ilikuwa ikimngoja Wasyl. Alichomeka kipimajoto udongoni, akakunja uso, akatangaza siku ya kupanda. Hakuwahi kukosea. Na siku zake zilikuwa zilezile za faili: siku Nettie, baridi ikiisha, alipoanika mashuka kwenye kamba ya nje kwa mara ya kwanza.

"Kumbe kile kipimajoto maonyesho!" Dwayne akasema. "Sisi tunamfuata Wasyl, Wasyl anafuata mashuka!"

Nettie akajifunika mdomo kwa kiganja. Kisha akagusa kioo kwa kidole, juu ya paa la nyumba yake.

"Hili lilikuwa likikaa hapa," akasema. "Nilidhani ni bili za umeme."

Hakuuza. Dengu zilitoka vizuri. Na Mei hiyo, chini ya zile tarehe kumi na nne za Wasyl, Nettie aliongeza ya kwake mwenyewe, kwa kidole kimoja.

Mstari wa kijani umefika mwisho. Orest anafungua ile picha ya asubuhi kwenye simu, anaanza kurudisha faili mojamoja mahali lilipokuwa.

Mwaka huu naye ana mpango. Ana kipande cha viazi nyuma ya nyumba, na kila mwaka hupanda mapema, baridi ikaviua. Safari hii amekoma.

"Jana nilimpigia Nettie," anasema. "Akaniambia, 'Orest, acha kunisumbua, soksi bado zinaganda.'"

Chini ya meza yake ipo ndoo ya mbegu za viazi, zimeshaanza kutoa macho. Anaisogeza kwa mguu mpaka kivulini.

"Zitulie," anasema. "Mwenye kamba hajaanika."