Kamba ya Wavu na Mtamba wa Selpha

Selpha wa Otonglo alikuwa mtu wa hasira tangu zamani, na tuseme ukweli, hasira ilimkaa vizuri kuliko kitenge. Wengine wakikasirika sura huharibika. Yeye alizidi kunyoosha mgongo. Kazi yake ilikuwa kunenepesha madume ya nyama. Alinunua waliokonda, akawalisha majani ya ufuoni mwa ziwa mpaka mapaja yakajaa, na wenye bucha wakaja wenyewe kumbembeleza. Hakuna mwenye bucha aliyemdanganya mara mbili. Hata mara moja, ni wachache waliofaulu.

Katika zizi lake, hata hivyo, kulikuwa na mnyama mmoja asiyekuwa wa bucha: mtamba mwekundu aliyeitwa Sondu, kwa kuwa alinunuliwa soko la mji wa Sondu. Mkwe alimleta siku ya mahari ya Debra, binti wa pekee wa Selpha, akasema mbele ya watu, "Huyu ni wa mama." Ng'ombe wa mama hachinjiwi wageni, hauzwi ovyo. Akifa kwa uzembe, upande wa mkwe hawatasema kitu hadharani. Watamwachia Debra ayasikie jikoni.

Sasa Calvince. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Selpha, na boma lake lilipakana na la shemeji yake. Alikuwa amejipatia fahali wa kigeni, mweupe, shingo kama gunia la mkaa, akawa anamtembeza barabarani Jumapili watu wakitoka kanisani. Kila mwenye ng'ombe jike alitaka mbegu. Selpha peke yake alikataa.

"Mtamba wangu bado ni mtoto," alisema. "Nyonga zake hazijapanuka. Fahali wako akimpanda, atabeba ndama asiye na mlango wa kutokea."

"Mama Debra, watu wanapiga foleni."

"Wapige. Mimi simo."

Siku moja Selpha akaenda soko la Kibuye kununua mitumba, na Calvince akafungua zizi akamwingiza fahali wake. Kilichouma zaidi ni kwamba hakufanya kwa ubaya. Alidhani anatoa zawadi, tena zawadi ya kushtukiza, kwa hiyo akanyamaza mpaka tumbo lilipoonekana. Hapo ndipo akaja anatabasamu. "Nilikusaidia, shemeji. Utanishukuru." Selpha alimwita Wakoli, daktari wa mifugo, ambaye alimshikashika Sondu akasema mimba imekomaa mno, wakati wa kuitoa kwa sindano umepita.

Tangu siku hiyo Sondu alibeba ndama na Selpha akabeba hasira, na vyote viwili vikakua. Wakoli alikuwa ameacha agizo moja: "Uchungu ukianza nipigie. Asivute mtu kabla sijaingiza mkono." Selpha alimrudishia Calvince maneno hayo neno kwa neno, kama mtoto anayefundishwa sala.

Uchungu ulianza asubuhi ya jua kali. Chupa ilipasuka, kwato mbili zikachungulia, kisha basi. Sondu alisukuma, akaguna, akalala ubavu kando ya ua. Wakoli alisema kwa simu kwamba yuko njiani, lakini vichochoro vya huko vilikuwa vimeshampoteza mara moja. Selpha akaamua kumngoja barabarani.

"Calvince, kaa hapa. Usimguse."

Aliporudi amepakiwa kwenye pikipiki ya Wakoli, kilichomfikia kwanza ni wimbo. Wimbo wa kuvuta wavu. Ieleweke kwamba vijana wa ufuoni huvuta wavu bila kupumzika, maana kamba ikilegea samaki wameondoka. Ndivyo walivyolelewa. Calvince, kwa ile roho yake ya kusaidia, alikuwa amemwita Odongo, kiongozi wao, na kikosi kizima. Walikuwa wamefunga kamba kwenye miguu ya ndama, visigino vimezama topeni, wanaimba na kuvuta mfululizo, na Sondu anaburutwa mzimamzima, macho yamegeuka meupe.

Selpha alichomoa panga kwenye ua, akakata kamba. Kikosi kikaanguka chali kwenye mavi, mmoja juu ya mwenzake.

"Mama, tulikuwa karibu kufika," Odongo alisema akiwa hapo chini.

"Mfike wapi? Huyu ni samaki mbuta?"

"Tumeshavuta vizito kuliko huyu."

"Vyote mlivyovuta viliishia kwenye sufuria. Huyu nataka aishi. Ondokeni hapo."

Calvince akakohoa. "Shemeji, nilitaka kusaidia tu."

"Hii ni mara ya pili unanisaidia. Ukinisaidia ya tatu, mimi ndiye nitalala hapo."

Wakoli alinawa kwa sabuni, akajipaka mafuta, akaingiza mkono mpaka begani. "Miguu inakuja, kichwa kimegeukia ubavuni," alisema. "Mlikuwa mnavuta shingo iliyokunjwa."

"Yuko hai?"

"Nimemtia kidole mdomoni. Hanyonyi."

Akamsukuma ndama ndani kidogo kidogo, kila Sondu alipopumua, mpaka akakishika sawasawa kichwa na kukielekeza njiani. Sasa nguvu zilihitajika kweli, na nguvu zilikuwa hapo, zimepakwa mavi. Wakoli akaeleza: ng'ombe akisukuma, vuteni, akipumzika, legezeni.

Odongo akatikisa kichwa. "Daktari, kamba ikilegea—"

"Ikilegea ng'ombe anavuta pumzi," Selpha alisema. Panga lilikuwa bado mkononi. "Vuteni. Haya, legeza. Legeza nimesema. Na asiimbe mtu."

Watu ambao hata maofisa wa uvuvi hawawatishi walimtii kama watoto wa nasari.

Ndama alitoka mweupe kama baba yake, mkubwa mno, na amekufa. Calvince akainama akatazama. "Kumbe alikuwa dume," alisema, na mpaka leo anajutia kufungua mdomo.

Sondu alikuwa hai lakini miguu ya nyuma haikumbeba. Wakoli alisema mishipa ya fahamu imebanwa. Alimdunga sindano, akaagiza atandikiwe nyasi, apewe maji alipolala, ageuzwe upande hadi upande. Huenda akasimama, huenda asisimame.

"Nani atamgeuza?" Wakoli aliuliza.

Calvince akatazama juu.

"Usitafute mvua," Selpha alimwambia. "Utakaa kando yake kama bwana harusi."

Alikaa. Aligeuza, alikata majani, alichota maji, na Selpha akiwa kwenye kigoda alimtukana kwa utaratibu, bila kurudia tusi. Jumapili fahali mweupe hakutembezwa. Watu waliotoka kanisani walipitia hapo kumwona mwenye fahali badala yake.

Asubuhi moja, Wakoli akiwa amekuja kumtazama, Sondu aliinua matako, akayumba, akasimama. Alikunywa kwenye ndoo aliyoishika Calvince, kisha akaipiga teke.

Calvince alicheka machozi yakimlenga. "Ameinuka, Mama Debra. Sasa yamekwisha."

Selpha akamgeukia Wakoli. "Daktari, lile koleo la kuhasi umelibeba?"

"Liko kwenye pikipiki."

Calvince alikimbia akasimama mbele ya fahali wake, mikono ametanua kama golikipa. "Shemeji, huyu ndiye jina langu hapa."

"Basi chagua. Koleo, au ua wa nguzo ambao hata mbuzi hapenyi. Na mtamba wa mtu yeyote asiingizwe kabla daktari hajapima nyonga zake."

Kabla ya chakula cha mchana kikosi cha Odongo kilikuwa kinachimba mashimo, na wimbo umerudi. Debra akapiga simu.

"Mama, Sondu anaendeleaje?"

"Amesimama. Anakula."

"Na baba mdogo?"

Selpha alitazama uani. Calvince alikuwa amekumbatia nguzo, jasho linamtiririka, anatafuta mahali pa kuegemea.

"Naye amesimama," alisema. "Sijamruhusu kukaa."