Niliomba Chakula, Mutu Mwingine Akafungwa

Admin, jina yangu usiiandike, kwa sababu hapa mu quartier yetu ya Rughenda benye kusoma hii page ni bengi. Niko na miaka 37, mujane, mama ya batoto bane. Tulikimbia vita upande wa Beni, tukaacha shamba, tukafika Butembo na nguo za mwili tu. Mu kanisa yetu banajua miye ni mama wa sala. Miye njo nilikuwa nafundisha bamama wenzangu: "Omba tu, Mungu hapana kulala. Chakula ya leo italetwa leo."

Ile siku ya ine, Alhamisi, hakukuwa hata unga ku nyumba. Mutoto wa mwisho alikuwa na homa, analia njaa. Nikafunga mulango, nikapiga magoti: "Baba, leo usiponiletea kitu, sitaweza tena kusimama mbele ya batu na kusema unatoa." Nilikuwa sijainuka vizuri, nikasikia pikipiki imesimama inje.

Motard, mwenye kuendesha ile pikipiki, aliniita jina yangu kabisa. "Ni weye, mama? Banakutumia mufuko kutoka Kipese."

Miye sina ndugu hata mumoja kule Kipese. Mais nilisema: "Ni miye." Akaingiza mufuko ya viazi na maharagi, na kidumu ya mafuta. Nilimubariki. Nikajiambia Mungu anaweza kupitisha ku mukono ya mutu yeyote. Batoto bakakula mpaka bakaanza kucheka.

Saa kumi motard akarudia na mama moja wa avenue ya nyuma. Tunaitana jina moja naye. Kwetu Banande majina ni ya kufwatana, ya mutoto wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila nyumba iko nayo. Yule mama akaniuliza: "Ndugu yangu, ule mufuko kaka yangu alitumia batoto yangu. Ulipokea?"

Mufuko ilikuwa chini ya kitanda. Batoto yangu bote bananiangalia. Nikasema: "Hapana. Miye sikuona kitu."

Motard akashika kichwa. "Mama! Si ulinibariki?"

"Sikujui," nikamwambia. Polisi bakakuya, bakamupeleka. Leo ni siku ya tatu iko mu cachot, mahabusu ya polisi, banamuita mwizi.

Jana bibi yake alikuya kwangu, na mimba kubwa. Nilizani anakuya kunitukana. Akanishika mikono: "Mama, bwana yangu anasema ni weye ulipokea. Miye nilimukatalia. Nilimwambia ule mama wa sala hawezi kudanganya. Donc nimekuya tuombe pamoja, Mungu amufungue."

Nikapiga magoti naye. Niliomba. Yeye anaitika Amina kwa nguvu yote.

Tangu pale binti yangu mukubwa anakatala kula. Aliniuliza: "Mama, hii ni Mungu alileta, ao ni siye tuliiba?" Mufuko ingali na nusu.

Nikisema ukweli, pengine banifunge, na batoto hawana mutu mwingine. Nikinyamaza, baba ya mutoto mwenye hajazaliwa anateseka mule cachot kwa sababu ya viazi yenye nilikula miye. Na kesho ni siku ya Mungu. Mu kanisa banangoja nitoe ushuhuda namna Mungu alinilisha.

Ndugu zangu, nishaurini kabla asubuhi haijafika: nikisimama pale mbele, niseme nini?