Ishara za Mgongoni

Mke wangu hajawahi kuniambia kwamba ananipenda. Simlaumu. Huko juu Makonde tulikotoka sote wawili, mtu hasemi maneno hayo. Akikupenda anakuwekea chakula na kukifunika, na akikupenda zaidi anakutilia mchuzi kwenye bakuli lako peke yako. Miaka yote nilijua napendwa kwa kuangalia sahani, na nilikuwa nimetosheka. Kisha akaanza kuongoza kusifu na kuabudu kwenye kikundi chetu cha maombi, nikamsikia kwa masikio yangu akisema "nakupenda" mbele za watu, macho kayafumba, kwa sauti, tena na tena, kana kwamba neno lenyewe halina bei.

Alikuwa anamwambia Yesu, najua. Mimi pia nimeokoka. Lakini wivu haujasoma dini. Ukimshuku mwanamume mwenzako, unamwita pembeni mkaelewana kiume. Yesu utamwita pembeni gani?

Hilo hata hivyo nilikuwa nimeanza kulizoea. Shida yenyewe ilikuja na kinanda.

Kikundi chetu hukutana Jumamosi alasiri hapa Mingoyo, kwenye banda la makuti uani kwa bibi mmoja mjane. Wengi wetu tulishuka kutoka Makonde kutafuta maisha, tunalima na kuuza vitu vidogovidogo. Majirani wa bibi, kushoto na kulia, ni Waislamu, na msikiti hauko mbali. Zamani tuliimba kwa makofi na ngoma moja ndogo ya ngozi aliyokuja nayo bibi kutoka kwao. Halafu akahamia mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Songea, hana mke, ana kinanda cha umeme. Ngoma ikasukumwa pembeni na juu yake ukawekwa mfuko wa nyaya.

Mimi ni fundi wa pikipiki pale njia panda. Jumamosi kazi ni nyingi, kwa hiyo hufika ibadani nimechelewa, na mikono imejaa grisi. Sipendi kupita mbele za watu katika hali hiyo, nazunguka kwa nyuma na kukaa kwenye benchi karibu na kinanda. Wenzangu wote wanauona uso wa mke wangu. Mimi nimepangiwa mgongo.

Na mgongo ule una mambo yake. Kiongozi wa sifa hawezi kugeuka kila mara kumwelekeza mpiga kinanda, kwa hiyo mkono wake wa kushoto hukaa nyuma, kiunoni, na vidole ndivyo vinavyosema. Kidole kimoja, rudia kiitikio. Vidole viwili, pandisha. Ngumi, tunamaliza. Kiganja kilichofunguka na kuelekea chini maana yake punguza, na hicho hutumika zaidi adhana ya alasiri inapoanza. Bibi aliweka sharti tangu siku ya kwanza kwamba wenzetu wakiadhini sisi tunaimba chini kwa chini mpaka wamalize, ndiyo maana hajawahi kugombana na jirani. Ishara hizi hakuna aliyenifundisha. Nilizijua mwenyewe, kwa uchungu, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya watu ukutani na kila neno linamhusu.

Mwalimu akiona kidole tu, amejua. Wakati mwingine alijua kabla ya kidole. Siku moja vile viwili havijamaliza kunyooka, kinanda kimeshapanda, na nikaliona bega la mke wangu likitikisika kidogo. Alikuwa anacheka. Nyumbani mimi namwomba chumvi mara mbili ndipo anisikie.

Nikauliza wanaelewana vipi namna ile. Nikaambiwa ni mazoezi, kila Jumatano, palepale uani, bibi akiwepo na akina mama wengine wakiwepo. Jumatano moja nikaenda kuhakikisha, nikisingizia nimesahau spana. Kweli walikuwepo wote. Bibi akanitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hiyo spana hukuja nayo Jumamosi, wala ile Jumamosi nyingine. Kaa uimbe, ama nenda kazini."

Nikaenda kazini. Husemwa kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Tabu yangu ni kwamba hapakuwa na yeyote aliyesema lolote isipokuwa mimi, peke yangu, nimechuchumaa kando ya pikipiki za watu. Niliikaza nati moja mpaka ikakatika. Nilimchukia mwalimu kwa mashati yake yaliyonyooshwa, kwa namna alivyomwita mke wangu "mama mtumishi", na zaidi ya yote kwa kucha zake. Zilikuwa safi kama za mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nilizisugua zangu kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka ncha za vidole zikawa nyekundu, na weusi ukabaki palepale.

Ndipo ukaja mwaliko. Kulikuwa na mkutano wa injili Lindi mjini, siku tatu, na walimwomba mke wangu akaongoze sifa na mwalimu akapige kinanda. Wangelala hukohuko, wanawake kwa mwenyeji wao na wanaume kwa wao. Mke wangu aliniletea habari hiyo pamoja na chakula. Nilipofunua sahani nikakuta pweza wa nazi, katikati ya wiki, nikajua kwamba naombwa kitu.

"Baba watoto, unasemaje?"

"Nitakujibu Jumamosi."

"Kwa nini Jumamosi?"

"Nataka kwanza nimuulize Mungu."

Mungu sikuwa na swali naye. Jibu nilikuwa nalo tayari, kwamba haendi. Nilichokosa ni sababu ambayo mwanamume anaweza kuitoa kwa sauti bila kuchekwa. Nilitaka Jumamosi ile nione kidole kimoja tu, kimoja, ambacho hakihusiani na wimbo, halafu nimalize maneno.

Siku hiyo nilifunga kazi mapema, nikawahi benchi langu. Akaanza kuimba. Hili nalisema ingawa linaniuma: mke wangu akiimba, joto la Mingoyo linapungua. Ana sauti nzito kidogo, haina haraka, na wanaomwitikia huacha shida zao pale wanapoacha ndala. Niliona wivu kwa kila aliyekuwa mbele yake. Bibi alikuwa anatabasamiwa. Mama anayeuza vitumbua alikuwa anatabasamiwa. Mimi nilikuwa na kisogo, fundo la kitambaa cha kichwani, na ule mkono.

Kidole kimoja, kinanda kikarudia. Vidole viwili, kinanda kikaanza kupanda, kikazimika katikati ya njia. Umeme ulikuwa umekatika.

Mwalimu akabonyeza, akabonyeza tena, akaugusa waya, kisha akainama na kuufuata mpaka ndani kwa bibi kama mtu anayefuata mbuzi aliyekata kamba. Mke wangu hakufumbua macho. Aliendelea peke yake, na watu wakaanza kuyumba kwa sababu walishazoea kubebwa. Makofi yakagawanyika, huku hivi na kule vile. Nyuma ya mgongo wake vile vidole viwili vilikuwa bado vimenyooka, vinamngoja mtu ambaye hayupo.

Nikauondoa ule mfuko wa nyaya, nikaivuta ngoma katikati ya magoti, nikapiga. Kule kijijini nilikuwa mpiga ngoma kabla sijaokoka. Nilipookoka niliacha, nikadhani mikono nayo imesahau, kumbe ilikuwa imenyamaza tu. Vidole viwili vilitaka kupanda, nikapandisha. Makofi yakarudi kwenye mdundo mmoja na vidole vikashuka, vimeridhika. Kikaja kimoja, nikarudia. Nikaliona bega likitikisika, kicheko kilekile, na safari hii kilikuwa changu.

Kisha nikasikia adhana. Bila umeme hapakuwa na kipaza sauti, ilikuwa sauti tupu ya muadhini, kwa mbali, na nadhani uani pale tuliisikia sisi wawili tu. Kiganja kikafunguka, kikaelekea chini. Nikaacha kupiga kwa kiganja, nikabaki na ncha za vidole, hizohizo nilizozisugua kwa mchanga. Uani wote ukashuka pamoja nasi, tukaimba chini kwa chini mpaka adhana ikaisha. Mwishoni ikaja ngumi. Tukanyamaza pamoja, mimi na yeye, hakuna aliyemtangulia mwenzake.

Watu wakapiga magoti kuomba, kila mmoja kwa sauti yake, macho yamefumbwa. Nilitaka kungoja mpaka ageuke. Lakini simu ikatetemeka mfukoni. Mteja alikuwa njia panda na mgonjwa wa kumpeleka hospitali, na pikipiki haiwaki. Nikairudisha ngoma pembeni, nikatoka kwa nyuma kama nilivyoingia.

Jioni nilirudi nyumbani nimejiandaa kusifiwa. Nilikuwa nimepanga hata namna ya kujifanya sijali. Mke wangu alikuwa jikoni, kanipa mgongo, anakoroga tui lisikatike. Mtoto wetu mdogo alikuwa amelala chumba cha pili.

"Leo ulifika?" akauliza bila kugeuka.

"Nilifika. Nikaitwa kazini."

"Basi umeusikia umeme ulivyotuacha! Mwalimu yule, jamani. Sikujua kama anajua ngoma. Kaidaka palepale, hakungoja kuambiwa. Na alivyoshusha kwenye adhana, mwenzangu, nilitaka kulia. Hata kwa kinanda hajawahi kunifuata vile."

Nikakaa juu ya kigoda taratibu. "Ulimwona?"

"Nimwone vipi na macho nimefumba? Tulipomaliza kuomba nikageuka mbiombio nimuwahi mtoto, nikamkuta kasimama pale kwenye ngoma anakunja waya. Nikamwambia, mwalimu, ubarikiwe, leo umenibeba."

"Yeye akasemaje?"

"Akasema sifa na utukufu ni kwa Bwana." Akatikisa kichwa. "Mnyenyekevu sana yule."

Hivyo ndivyo tunavyojibu sisi watu wa maombi. Ukimsifu mtu, anaipeleka sifa juu, hata kama hajui anasifiwa nini. Mwalimu hakudanganya. Huenda alidhani anashukuriwa kwa kuufuata waya. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye kigoda, namsikiliza mke wangu akimsifu mpiga ngoma kwa sauti ambayo hajawahi kunisifu nayo mimi, na nikamwonea wivu mpiga ngoma yule. Nilimtukana moyoni. Nilimwita mwizi wa wake za watu. Nilikuwa nimeshafika mbali ndipo nikakumbuka kwamba ninayemtukana ni mimi.

"Sasa Lindi sina hofu," akaendelea. "Hata umeme ukikatika huko, nina mtu. Haya, Mungu kakujibu nini?"

Ningeweza kumwambia. Lakini mwanamume akianza kumwambia mkewe kwamba ilikuwa mimi, ni mimi, anakuwa kama mtoto anayedai pipi yake. Na huenda asingeniamini. Palikuwa na sufuria tupu karibu na mguu wangu. Nikaigeuza na kuanza kupiga, mdundo uleule wa alasiri.

Hakushtuka. Alianza kuimba bila kufikiri, mkono wa kulia unazungusha mwiko. Kisha wa kushoto ukaenda nyuma wenyewe, ukakaa kiunoni, kiganja kikafunguka na kuelekea chini, kwa ajili ya mtoto aliyelala. Nikaacha kiganja, nikabaki na ncha za vidole.

Mwiko ukasimama. Mkono ulibaki pale nyuma, wazi, na mimi nikaendelea kupiga kwa ncha za vidole, nikiutazama. Ulipokunjika ngumi, nikanyamaza naye pamoja.

Akageuka. Sijui mara ya mwisho alinitazama vile ilikuwa lini, macho wazi, usoni kwangu, bila kuomba chochote. Akatazama sufuria, kisha mikono yangu.

"Ilikuwa wewe," akasema.

"Sifa na utukufu," nikamjibu, "ni kwa Bwana."

Alicheka mpaka akajishika ubavu, na nyuma yake tui likakatika. Mwanamke huyu hajawahi kukatisha tui tangu nimuoe. Tulikula hivyohivyo, na mchuzi wangu ulikuwa kwenye bakuli langu peke yangu.

Lindi alikwenda. Mwalimu alikwenda na kinanda chake, na mimi nikafunga kazi siku zote tatu, nikaibeba ngoma ya bibi begani. Niliiweka mwenyewe mahali pake jukwaani, katikati, baina ya mgongo wa mke wangu na kinanda. Mwalimu akitaka kuviona vidole, ilimbidi achungulie juu ya bega langu.