Ukoko kwenye Sahani

Zamani mtoto aligombania ukoko wa sufuria mpaka akatoka nundu. Leo wali unapikwa kwenye chombo cha umeme kisichounguza hata punje, na mtoto anabembelezwa kwa kijiko kama mgonjwa.

Fundi viatu alilelewa enzi zile. Kwao walizaliwa wengi, na mama akishapakua aliisukuma sufuria uani bila kusema neno. Nani awahi, nani anyang'anywe, hayo hayakumhusu. Mpaka uzeeni fundi aliona wali mweupe mtupu ni kama maji. Asipotafuna kilichoshika moto, hajala.

Sasa mwanawe wa pekee, ambaye utotoni hakuwa na wa kugombana naye, alikuwa anahamia ng'ambo. Alikuja kuaga na mkewe na watoto wao wawili. Mzee alitaka jambo moja tu: wajukuu waondoke na ladha ya nyumba yake mdomoni. Akafunga kibanda mapema, akawasha mkaa, akapika mwenyewe. Ukoko ulibanduka mzima, umeiva wekundu. Akaukata vipande, akamwekea kila mtu kwenye sahani, tena zile za wageni.

Mjukuu wa kike aliunusa. "Babu, umeunguza. Au hii ni soli?"

Mdogo wake akausukuma wake kwa baba yao, naye akausogeza pembeni kwa adabu, akisingizia daktari kamkataza vitu vigumu. Na meno yote anayo. Kwa mzee, mambo yalitumbukia nyongo. Kimoyomoyo alimlaumu mkwewe, maana ndiye aliyekiingiza kile chombo cha umeme katika ukoo.

Teksi ilipopiga honi, mkwewe huyo alipita jikoni, akachukua kipande, akakitia mdomoni akiwa wima.

"Baba, umewaandalia mno," alisema. "Sisi kwetu hatukupewa hata siku moja. Tuliiba. Ungewanyima, wangeutaka."

Miaka yote mzee alimhesabu huyu adui, kumbe malezi yao ni yale yale. Akamfungia uliobaki kwenye gazeti, haraka haraka.

Mara ya mwisho kuwaona walikuwa kiti cha nyuma. Mama anatafuna, kifurushi kakikumbatia, hampi mtu. Binti kaziba pua, anacheka. Yule mdogo kanyoosha mkono, na mama yake kageukia dirishani kama hakuuona. Teksi ikakata kona.