Mkia wa Sahihi

Mimi ni fundi wa matairi katika yadi ya malori, na mahali ninapofanyia kazi panatazamana na dirisha la Mama Funguo. Kwa miaka kumi na moja nimemwona yeye zaidi kuliko nilivyomwona mke wangu, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Hakuna lori linalotoka bila yeye kutoa ufunguo, na ufunguo hautoki mpaka dereva atie sahihi kwenye daftari lake.

Madereva walimwogopa. Mtu anakuja amenawa uso, amechana nywele, anacheka na kila mtu. Anatia sahihi. Mama anaitazama, anafunga daftari na kusema, "Nenda kalale." Chumba cha nyuma kina magodoro matatu, na ukishaambiwa neno hilo huna pa kukata rufaa, utalala saa mbili au tatu ndipo upewe ufunguo. Dereva mmoja mnene, ambaye kwa mwendo wake barabarani tunamwita Kobe, aliapa kwamba mama yule ni mchawi na anausikia usingizi wa mtu kwa pua. Meneja wetu, Bwana Dakika, anayetazama saa yake hata akiwa anasalimiwa, hakupenda malori yachelewe. Lakini tangu mama akabidhiwe funguo hakuna lori letu lililoacha barabara, kwa hiyo alibaki kunung'unika.

Mimi nilimuuliza tu. Nilikuwa nimekwenda kuchukua ufunguo wa lori lililopata pancha, nikasema, "Mama, hebu niambie ukweli, unajuaje?" Akacheka, akafungua ukurasa wa kwanza wa daftari. Humo kila dereva alikuwa ametia sahihi siku aliyorudi kutoka likizo, akiwa amelala akashiba. Kisha akafungua ukurasa wa wiki ile. Sahihi ya aliyelala ilishika mstari. Ya mchovu ilianza vizuri, halafu mkia wake ukateremka chini ya mstari bila mwenyewe kujua.

"Mdomo unadanganya," akasema, "na uso unaoshwa. Mkono hauoshwi usingizi."

"Nani alikufundisha?"

"Mume wangu," akajibu, akageukia dirishani. Nikachukua ufunguo, nikarudi kwenye matairi yangu.

Habari za mumewe tulizijua sote. Alikuwa dereva wa yadi hii hii, akaingia mtaroni saa nne asubuhi, jua linawaka, barabara imenyooka, mbele hakuna hata baiskeli. Alipona, ila mguu wa kulia haukunjiki tena, na siku hizi anatengeneza redio nyumbani. Baada ya ajali kampuni ilimpa mkewe kazi ya funguo. Dereva mgeni akija, wenzake humsimulia habari za yule mzembe aliyesinzia mchana kweupe, na wakati mwingine mama yuko hapo hapo anasikia.

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mwana wao wa pekee naye akawa dereva, akaajiriwa kwetu, na alikuwa hodari. Mwaka huu kampuni iliponunua lori jipya, Bwana Dakika alimchagua yeye, kwa sharti moja: alitoe getini Jumatatu saa tatu asubuhi. Akilitoa, lori ni lake kuendesha kila safari. Akichelewa, lori atapewa Kobe, na mjadala umekwisha.

Ijumaa mkewe akajifungua mtoto wao wa kwanza. Mtoto mwenyewe alikuwa na mapafu ya kutosha watu wawili. Usiku wa Ijumaa, wa Jumamosi na wa Jumapili hakuna aliyelala nyumba ile.

Jumatatu saa tatu kasoro robo nilikuwa naziba tairi nilipomwona anafika dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umelala?"

"Kama gogo."

Akashika kalamu. Kumbuka kwamba kati ya madereva wote ni yeye tu aliyeijua siri ya mkia, kwa kuwa alikua akiisikia mezani kwao. Aliandika polepole, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Mama akaitazama sahihi ile kwa muda mrefu.

"Hii umeichora, mwanangu."

"Iko kwenye mstari au haiko?"

"Iko."

"Basi nipe ufunguo. Unataka lori apewe Kobe? Mama, mimi sasa ni baba wa mtu."

"Ndiyo maana."

"Sasa unaogopa nini? Mimi si kama baba. Baba alikuwa mzembe. Mimi najijua."

Niliacha kugonga. Mama aliinua mkono, akautoa ufunguo wa lori jipya kwenye msumari, akamwekea mwanawe kiganjani. Nilikasirika, sitaficha. Miaka kumi na moja watoto wa wenzake wanarudishwa kulala, leo wa kwake anapita kwa sababu anajua kuchora! Damu nzito kuliko maji, nikajisemea, nikatema mate.

"Kaa hapo kwenye benchi dakika tano," akamwambia, "nikumalizie karatasi za mzigo."

Karatasi zilikuwa tayari tangu saa mbili. Niliziona zimebanwa mezani kwake. Mama alishika kalamu, akainamisha kichwa, asiandike chochote. Dakika tano hazikuisha. Kidevu cha yule kijana kiliangukia kifuani, ufunguo ukiwa ndani ya ngumi.

Ndipo mama akavuta droo, akatoa ufunguo wa akiba na kumwita Kobe kwa kidole. Kobe akatia sahihi yake nene, imetulia juu ya mstari. Saa tatu kamili lori jipya lilipita getini, na Bwana Dakika akaitazama saa yake akaridhika. Jua lilipohamia kwenye benchi, mama aliegemeza boksi dirishani kumkinga mwanawe.

Kijana aliamka saa tisa alasiri. Alikimbia hadi kwenye maegesho, akarudi anahema.

"Umeniibia lori! Wewe, mama yangu mzazi!"

"Ni kweli."

"Baba akasinzia, mimi ndiye naadhibiwa?"

Mama akatoa kwenye droo daftari kuukuu lililofungwa kwenye nailoni. Alilikuta humo wiki yake ya kwanza kazini, akalihifadhi. Alilifungua akamwonyesha sahihi moja ambayo mkia wake ulikuwa umeteremka mistari mitatu.

"Hii ni ya baba yako, asubuhi ile. Alikuwa amerudi safari ya siku mbili. Alisema amechoka, atawaambia watafute mtu mwingine. Nikamwamsha. Akalala tena, nikamwamsha tena. Mara ya tatu nikammwagia maji usoni, nikamwambia mwanamume halali mchana." Alifunga daftari. "Hakuwa mzembe. Na miaka yote hii wanamcheka, wewe pia unamcheka, hajamwambia mtu."

Yule kijana alisimama pale na ufunguo wa lori lililokwishaondoka. Kisha akautundika kwenye msumari wake, akatoka getini. Kwake ni mkono wa kulia. Alikata kushoto, kwa baba yake.