Mzee Tahadhari na Barabara ya Uwanja wa Ndege

Kazi yake ilikuwa kuandika ushauri wa serikali kwa raia wanaosafiri nje ya nchi. Alikaa katika chumba chembamba kwenye ghorofa ya tatu ya wizara, chini ya feni iliyolalamika kila ilipozunguka, akitazamana na ramani ya dunia iliyochomekwa pini za rangi. Kijani ilimaanisha nenda salama. Njano ilimaanisha nenda, lakini fungua macho. Nyekundu ilimaanisha baki nyumbani. Balozi zilileta habari, yeye akaziandika, mkurugenzi akatia sahihi, ndipo wananchi wakasoma.

Alikuwa mchapakazi, lakini aliogopa lawama. Kila nchi, hata ile ambayo polisi wake hutembea mikono mitupu, aliibandika sentensi ileile: "Wasafiri wanashauriwa kuwa waangalifu wakati wote." Wenzake walipomtania, aliwajibu kwamba hajaona mtu aliyefukuzwa kazi kwa kuonya kupita kiasi.

Tabia hiyo aliibeba mpaka nyumbani. Sakafu ikipigwa deki, alisimama mlangoni na kutangaza, "Jamani, panateleza." Chai ikimiminwa, "Hiyo ni ya moto." Mtoto akitumwa dukani, "Angalia magari." Watoto wakambatiza jina la Mzee Tahadhari, naye akalipokea kwa kicheko.

Kifungua mimba wake alikuwa binti, fundi wa majokofu ya hospitali, yale yanayohifadhi chanjo na damu. Alikuwa mwepesi wa kupanda ngazi, na alizoea kufanya kazi juu ya mapaa, mahali mitambo mikubwa ya kupozea inapofungwa. Siku moja alirudi nyumbani akiimba. Alikuwa amepata mkataba wa kufufua vyumba vya baridi katika hospitali ya nchi nyingine. Kwenye ramani ya baba yake, nchi hiyo ilikuwa na pini ya njano.

Siku moja kabla ya safari, simu ya ofisini iliita. Aliyepiga alikuwa rafiki yake wa zamani, afisa katika ubalozi wa nchi hiyohiyo.

"Kaka, huku kumechafuka," alisema. "Barabara ya kutoka uwanja wa ndege kwenda mjini haifai tena. Wenye silaha wanasimamisha magari mchana kweupe. Nimeshatuma taarifa. Badilisheni rangi haraka."

Mzee aliandika rasimu palepale na kuipeleka kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa kikaoni, kisha akaenda kwenye kikao kingine. Na sheria ya kitengo ilijulikana: habari isiyotiwa sahihi haitoki nje ya mlango, hata kwa mke, hata kwa mtoto. Kwa miaka mingi Mzee alikuwa amejivunia kuishika sheria hiyo.

Jioni alimkuta binti yake amepiga magoti sebuleni, akipanga spana katikati ya nguo ili zisigongane. Mama yake alikuwa amekalia begi lililojaa, akijaribu kulifunga.

"Mwanangu," Mzee alianza, "hali ya kule inaendelea kufuatiliwa."

"Na nani, Baba? Na wewe?" Binti alicheka. "Basi niko salama."

"Usicheke. Kuwa mwangalifu na barabara za huko."

"Baba jamani! Hata za hapa uliniambia hivyohivyo nilipokwenda kununua chumvi."

"Tena siku hiyo duka lilikuwa ng'ambo ya uchochoro," mama akadakia. "Mume wangu, muache mtoto apange vitu vyake. Hebu njoo ukalie begi hili, wewe ndiye mwenye uzito wa serikali."

Wote wakacheka. Mzee naye akacheka, akaketi juu ya begi, na zipu ikafungika. Maneno aliyokuwa nayo kifuani yalibaki humohumo. Alijiambia kwamba kesho asubuhi sahihi itapatikana, kisha atasema kwa haki.

Sahihi ilipatikana binti akiwa angani. Mzee alichomoa pini ya njano, akachomeka nyekundu, kisha akapiga simu ya binti yake mara nyingi mno. Haikupatikana.

Gari lililompokea binti lilisimamishwa kabla ya kufika mjini. Dereva aliogopa, akakanyaga mafuta, risasi zikapigwa, gari likapinduka mtaroni. Dereva alikufa. Binti aliokolewa na watu waliokuwa wakipita, akarudishwa nyumbani akiwa na vyuma katika mguu wa kulia.

Alipoanza kutembea kwa gongo, Mzee alimweleza yote: simu, rasimu, sahihi. Binti aliyashusha macho kwenye mguu wake.

"Ungeniambia tu kwamba unaogopa, Baba," alisema. "Hilo hukuwahi kuniambia hata siku moja. Ningeketi nikakusikiliza."



Kabla ya kustaafu, Mzee aliifuta ile sentensi katika kurasa za nchi zote, akaiacha palipostahili tu. Mkurugenzi alipouliza kulikoni, alijibu, "Imechoka, mheshimiwa. Watu hawaisikii tena."

Sasa yuko nyumbani. Binti hapandi tena mapaa. Huletewa vipuri vidogo na kuvitengeneza mezani, mguu wake ukiwa umenyooshwa juu ya stuli. Wiki iliyopita mama alimimina chai, mvuke ukafuka. Mzee alifungua kinywa, akamtazama binti yake, akakifunga. Binti akanywa.

"Uuh! Baba, imeniunguza! Mbona hukusema?"

Mama aliangua kicheko, na binti akacheka pia huku akipuliza ulimi. Mzee alijaribu kuwafuata, akashindwa. Alikivuta kikombe cha binti upande wake, akaanza kukipoza taratibu kwa kijiko.