Dungu Lililoota Mizizi

Anayetaka kubisha aje Ifakara nimwonyeshe mdogo wangu Beni, aone mguu wake wa kushoto ulipoishia. Mimi niliacha shule darasa la sita na sijui kutunga hadithi. Ninachosimulia nilikiona kwa macho yangu, tena saa sita mchana, jua la utosi. Wengi wangependa niseme ilikuwa usiku.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana. Siku mama anaondoka alinishika mkono akasema, "Beni usimwachie mtu." Nikashika jembe la baba, tukalima shamba lake kule upande wa Lupiro, kwenye mbuga karibu na mto. Beni alikuwa na miaka tisa.

Unajua kuamia ndege? Mpunga ukianza kutia maziwa, kwelea kwelea wanashuka kama wingu. Usipoweka mtu juu ya dungu, apige debe na kurusha kombeo tangu alfajiri, utavuna makapi. Dungu lenyewe ni jukwaa la nguzo nne na paa la nyasi. Baba alipojenga, nguzo alizimenya maganda na kuzipitisha motoni, na kamba za porini alizianika mpaka zikafa kabisa. Mimi nilikuwa naona anapoteza muda. Mwaka ule nilikuwa peke yangu na ndege walishafika, nikajenga kwa miti mibichi. Kamba nilizikata kwenye kichaka cha kando ya dimbwi, ambako watu hawaokoti hata kuni. Tangu utotoni tuliambiwa humo kuna mmea wa kutambaa unaokula watu. Nani aliamini? Nilikuta mifupa ya nguruwe pori imeviringishwa humo kama mzigo, nikasema ni mtego wa mtu. Kamba zilikuwa nene kama kidole gumba. Utomvu wake ulinukia kama maziwa ya mama anayenyonyesha.

Nikampandisha Beni aamie, na siku ya tatu akaniambia, "Dada, kamba inanishika mguu."

"Na wewe ishike," nikamjibu.

Siku ya nne alinionyesha alama nyekundu za duara kwenye kifundo cha mguu. Nikamwambia ni ruba.

"Ruba wanapanda dungu?"

"Panda, Beni. Mpunga huu ukiliwa, mwaka huu utakula nini? Maswali? Na usishuke mpaka nikuambie."

Niamini, maneno hayo ndiyo ninayoyasikia kila nikilala.

Siku ya tano Beni alipanda tena alfajiri, nami nilikuwa napalilia mwisho wa shamba. Debe likanyamaza. Jirani yetu, Mama Kulwa, Msukuma mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akasimama mpakani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo mdogo wako ana dawa gani? Kelele hapigi, lakini ndege wote wanakuja kwangu. Kwenu hawatui hata mmoja."

Nikajua Beni amelala. Nikavunja fimbo, nikaenda kumchapa. Ndiyo, nilikwenda na fimbo.

Hakuwa amelala. Alikaa akining'iniza miguu, macho wazi, midomo myeupe. Nguzo zilikuwa zimechipua majani. Kamba zilikuwa zimetoa matawi, na kwenye matawi walinasa kwelea kwelea wengi, wamebaki manyoya matupu. Mguu wa kushoto haukuonekana kuanzia goti kushuka. Ulikuwa umesukwa ndani ya kamba, na vimizizi vyeupe viliingia kwenye nyama kama uzi unavyoingia kwenye kitambaa.

"Beni, kwa nini hukuniita?"

"Hujasema nishuke," akajibu.

Nikachomoa panga kiunoni nikakata kamba. Ilitoka damu, ya moto. Beni akapiga yowe kama nimemkata yeye, na ile kamba ikapanda juu ya goti mbele ya macho yangu. Nikakata nyingine. Ikapanda tena.

Mama Kulwa alikwishafika. Alipanda dunguni, akavua kanga yake, akaifunga pajani mwa Beni kwa nguvu zote, akamkumbatia kichwa kifuani. "Kata juu ya goti," akasema. "Usimwangalie usoni. Kata, mwanangu, au nikukate wewe."

Nikakata. Sikumaliza kwa pigo moja.

Tulimbeba kwa bodaboda mpaka hospitali. Tukasema ni mamba, maana mtoni wapo. Daktari aliangalia jeraha, akaniangalia mimi, akaandika mamba. Ulishaona mamba anayekata kwa panga?

Baada ya wiki tatu nilirudi shambani nikachoma dungu. Lilichukua siku mbili kuungua. Kwelea kwelea walikuwa wamemaliza shamba zima, isipokuwa kipande kilichozunguka dungu. Hapo mpunga ulisimama mrefu kunizidi, masuke yameinama kwa uzito, hakuna punje iliyoguswa. Ungefanya nini? Hatukuwa na chakula kingine. Nikavuna.

Siku ya kwanza nilipoupika, Beni aliuliza, "Huu ni wa wapi?" Nikamwambia ukweli. Akaisukuma sahani. Kisha akaivuta tena.

"Basi ni wangu," akasema. "Niongeze."

Sasa Beni ni kijana, anashona nguo hapa mjini kwa mguu mmoja. Sijamwachia mtu, na wala siwezi. Kila mvua za kwanza zikinyesha, kwenye kovu lake hutokeza kitu cheupe, chembamba kama uzi, kinaelekea upande wa mto. Yeye anauma kanga, mimi nakikata kwa wembe. Mwaka jana kilikuwa kimoja. Mwaka huu vitatu.

Wewe unayejenga dungu, menya nguzo zako na uzipitishe motoni, hata kama ndege wamefika. Na mtoto akikuambia kuna kitu kinamshika, weka fimbo chini, mwambie ashuke.